Kuunganisha michoro iliyoskaniwa kwa leya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Maswali haya yametoka kwa wachoraji wanaopita kwenye meza yangu hapa Sinza, Dar es Salaam, wengine na karatasi zilizokunjwa kwenye begi, wengine na flashi tupu na matumaini. Ninachora vitabu vya watoto na kalenda. Kazi zangu huanzia kwenye karatasi na kumalizikia kwenye kompyuta. Mifano mingi nimeichota kwenye picha moja ya soko la samaki la Feri: anga na maji kwa rangi ya maji, mashua kwa wino, na mchuuzi wa pweza amesimama mbele.

## Mwanzo kabisa

1. Leya ni nini?

Chukua karatasi ya anga uliyokwisha kuipaka rangi. Juu yake laza plastiki inayoonyesha, iliyochorwa mashua. Juu ya hiyo laza nyingine yenye mchuuzi. Ukitazama kutoka juu unaona picha moja, lakini ukitaka mashua isogee unavuta plastiki yake tu. Leya ni plastiki hizo, ila ziko ndani ya kompyuta. Photoshop ilizipata mwaka 1994 katika toleo lake la 3, na leo kila programu ya picha ya maana inazo. Wapo wanaoziita tabaka. Ni kitu kilekile.

2. Lazima niwe na Photoshop?

Hapana. GIMP na Krita ni za bure na zina karibu kila kitu kinachotajwa kwenye ukurasa huu. Krita imeelekea zaidi kwa mtu anayechora moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa anayeunganisha skani, mimi ningeanza na GIMP. Ipo pia Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari na kusoma mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop. Hiyo humsaidia mtu anayetumia kompyuta ya kuazima.

Ile Photoshop ya kupewa na mshikaji kwenye flashi achana nayo. Nimesafisha laptopu nyingi zilizoanza kuumwa siku hiyohiyo.

3. Kwa nini nisichore kila kitu kwenye karatasi moja nikaiskani?

Unaweza, na wengi mnafanya hivyo. Taabu huanza mteja anaposema, "Huyu mchuuzi msogeze kidogo kulia." Kama mchuuzi, mashua na anga viko kwenye karatasi moja, nyuma ya mchuuzi hakuna kitu. Ukimtoa unabaki na shimo lenye umbo lake, na utakesha ukiliziba. Kama kila kimoja kina karatasi yake, anga linaendelea hadi nyuma ya mgongo wake, na kumsogeza ni kazi ya sekunde mbili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za leya namrudisha kwanza kwenye penseli. Leya hupangwa mezani, kabla skana haijawashwa. Mimi huchora rasimu nzima kwa penseli, naibandika kwenye kioo cha dirisha asubuhi jua likiwa upande wa pili, kisha naweka karatasi safi juu yake na kunakili kitu kimojakimoja: karatasi ya mashua, karatasi ya mchuuzi, karatasi ya mizani na ndoo. Anga na maji hupata karatasi nzito, na nayapaka yapitilize mipaka ya picha kwa vidole viwili kila upande.

Kwenye kila karatasi naweka misalaba midogo mitatu pembeni, mahali palepale pa rasimu. Karatasi nzito haipitishi mwanga, kwa hiyo yenyewe naipimia kwa rula. Misalaba hii ndiyo itakayokuonyesha karatasi zinakutana wapi (swali la 9). Ukiisahau utapanga kwa macho, na macho ya saa sita usiku hudanganya.

## Kwenye skana

4. Niskani kwa DPI ngapi?

DPI ni idadi ya nukta, yaani pikseli, katika kila inchi moja. Ngapi inategemea utachapa kwa ukubwa gani. Kitabu au kalenda inayoshikwa mkononi huhitaji DPI 300 kwenye ukubwa wa mwisho. Karatasi ya A4 kwa DPI 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, na ukiichapa A4 imetosha. Ukitaka mchoro huohuo utoke A2, yaani upana na urefu mara mbili, skani kwa 600. Kupanda hadi A3 kunahitaji kama 425. Weka 600 usihangaike.

Michoro ya wino mtupu mimi huiskani kwa 600 hata kama haikuzwi, maana ukingo wa mstari mweusi huonyesha ngazi upesi. Zaidi ya hapo unajaza diski tu. Kuna mtu aliniletea anga la rangi ya maji aliloliskani kwa 2400. Kilichoongezeka ni nyuzinyuzi za karatasi.

5. Skana ya steshenari inafaa?

Inafaa, ukimsimamia kijana anayeiendesha. Mwombe vitu vinne: askani kwa rangi hata kama mchoro ni mweusi, azime marekebisho yote ya otomatiki, ahifadhi kama TIFF au PNG badala ya PDF, na akuruhusu kufuta kioo mwenyewe. Nenda na kitambaa laini. Kwenye kioo cha steshenari utakuta alama za vidole, gundi ya picha za pasipoti, na mara moja nilikuta punje ya wali.

Yale marekebisho ya otomatiki ndiyo adui mkubwa. Mashine hupima kila karatasi peke yake: karatasi ya mashua inaiongezea giza, ya mchuuzi inaipunguzia, na ukizileta pamoja hazijuani.

Jingine ni unyevu wa jiji letu. Karatasi iliyolala wazi usiku kucha wakati wa masika hujikunja, na skana nyingi nyembamba za siku hizi huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Sehemu iliyoinuka milimita mbili inatoka na ukungu. Laza karatasi chini ya vitabu vizito usiku mmoja, na wakati wa kuskani weka kitabu juu ya kifuniko.

6. Naweza kupiga picha kwa simu badala ya skana?

Kwa mstari wa wino, kwa shida, ndiyo. Kwa rangi ya maji na penseli laini, hapana. Programu za simu za kuskani nyaraka zimetengenezwa kwa ajili ya risiti na vyeti: zinasafisha "uchafu", na kivuli chako chepesi cha penseli kwao ni uchafu. Kazi zisizoweza kuingia kwenye skana ni habari nyingine, angalia swali la 8.

7. Mchoro wangu ni A3 na skana ni A4. Nifanye mara mbili?

Fanya mara tatu. Kioo cha skana ya A4 kwa kawaida kina upana wa milimita 216 hivi. A3 ina urefu wa milimita 420. Mara mbili 216 ni 432, kwa hiyo skani mbili zitapishana kwa milimita 12 tu, tena zile za ukingoni ambako karatasi imeinuliwa na fremu ya mashine na kuingia ukungu. Kwa skani tatu unapata zaidi ya sentimita 10 za kupishana kila upande, na ukungu wote unaweza kuutupa.

Isogeze karatasi, usiigeuze. Taa ya skana humulika kutoka upande mmoja, na karatasi ya rangi ya maji ina vinundu vinavyotoa vivuli vidogo. Ukiigeuza kichwa chini kwa skani ya pili, vivuli vinaelekea upande wa pili, na kiungo kitaonekana hata kama rangi zinalingana.

Photoshop ina Photomerge inayounganisha vipande yenyewe. Kwa mkono, fanya hivi: weka kipande cha pili kama leya juu ya cha kwanza, badili modi yake (namna leya inavyochanganyika na iliyo chini yake) iwe Difference, kisha kisogeze kwa vishale vya kibodi. Difference huonyesha tofauti ya leya mbili, na pasipo tofauti ni peusi. Utaona picha ya ajabuajabu yenye mistari inayong'aa. Kadiri unavyokaribia, mistari inakonda. Kikikaa sawasawa, sehemu ya kupishana inakuwa nyeusi kama chungu. Rudisha modi iwe Normal, kisha laini kiungo kwa maski (swali la 11). Pitisha kiungo kwenye mstari wa kitu kilichochorwa, kama ukingo wa tanga au mlingoti. Usikipitishe katikati ya anga tupu.

8. Kazi yangu inang'aa, mtindo wa Tingatinga. Skana inatoa madoa meupe.

Ni mwanga wa skana unarudi kwenye rangi. Mtindo huu, ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, unatumia rangi inayong'aa, ileile ya kupakia baiskeli, na vibao vya mwanzo vilikuwa hadibodi za kama sentimita 60 kwa 60. Havikukusudiwa kuingia kwenye skana, na rangi nene inaweza kukwaruza kioo.

Piga picha kwa kamera au simu nzuri. Simamisha kibao barazani, kivulini, kwenye saa nne asubuhi, kikitazama mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Vaa nguo nyeusi, vinginevyo utajiona umesimama ndani ya chui uliyemchora. Rudi nyuma na uvute zumu kidogo ili kingo zisipinde, na weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya kibao ili baadaye uwe na cha kusawazishia rangi. Ukishapata faili safi, mengine ni sawa na skani yoyote.

## Kuunganisha

9. Nimeskani kila kitu. Naanzia wapi?

Nakili mafaili yote kwenye folda ya pili uiite "asili", na usiiguse tena.

Fungua anga, hiyo ni leya ya chini. Leta mashua juu yake kama leya: kwenye GIMP tumia Open as Layers ndani ya menyu ya File, kwenye Photoshop ni Place Embedded. Hakikisha zote zimeskaniwa kwa DPI moja, vinginevyo mashua itaingia ikiwa ndogo kama ya kuchezea. Punguza uzito (Opacity) wa leya ya mashua hadi nusu ili uone chini yake, kuza picha kwenye pembe moja, na uvute hadi misalaba miwili iwe mmoja. Nenda pembe ya pili. Kama wa kwanza umelingana na wa pili umeachana, karatasi ililala upande kwenye kioo: zungusha leya kidogo sana, mara nyingi chini ya digrii moja. Rudia kwa mchuuzi na kwa mizani.

Zipe leya majina wakati huohuo. "Mashua wino", "mchuuzi rangi". Leya 23 zinazoitwa "Layer 4 copy 2" ni fumbo ulilojitegea mwenyewe.

10. Nikileta mchoro wa wino, karatasi yake nyeupe inafunika anga lote. Naiondoaje?

Usiiondoe. Badili modi ya leya iwe Multiply, nyeupe itapotea yenyewe.

Jina linasema inachofanya: inazidisha. Nyeupe inahesabiwa moja, nyeusi sifuri, na rangi nyingine zote zimo katikati. Anga mara moja linabaki anga. Anga mara sifuri ni nyeusi, yaani mstari wako. Kwa wino juu ya rangi ya maji sijaona njia safi kuliko hii, maana hata kijivu chembamba cha ukingo wa kalamu kinabaki.

Mambo mawili huwakwamisha watu. La kwanza, karatasi yako si nyeupe kama unavyodhani. Skana inaiona kijivu kidogo, tuseme 0.93, na anga lote linazidishwa kwa 0.93 na kuchafuka. Kabla ya Multiply fungua Levels, kidirisha cha kurekebisha mwanga na giza, kwenye leya ya wino, vuta kitelezi cha kulia kuelekea kushoto hadi karatasi iwe nyeupe kabisa, na cha kushoto kidogo kuelekea kulia ili wino uive.

La pili lilinisumbua wiki nzima nilipoanza. Multiply inafanya kila kisicho cheusi kionyeshe kilicho nyuma. Mchuuzi wangu wa pweza alisimama vizuri, lakini mlingoti wa mashua ulipita katikati ya kifua chake kama mzimu. Dawa ni kuweka leya moja chini ya wino wake na juu ya mashua, yenye umbo la mwili wake tu, modi Normal, na kuijaza nyeupe au rangi ya nguo. Mimi naiita leya ya kuzibia. Kila kitu kinachosimama mbele ya kingine kinahitaji ya kwake.

11. Nifute kwa raba au nitumie maski?

Maski. Raba inaua pikseli, maski inazificha. Kwenye maski ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi, na kijivu huifanya ionekane nusu. Umekosea saa hizi, umegundua Alhamisi: unapaka nyeupe, mchezo umekwisha.

Niliwahi kufuta kwa raba mkono wa pweza uliokuwa ukining'inia nje ya ndoo, nikidhani unachafua picha. Mteja alipoona akauliza uko wapi, maana kwenye rasimu ndio alioupenda. Ilibidi niuskani upya. Bahati karatasi ilikuwapo.

12. Kipande nilichokikata kina uzi mweupe kuzunguka ukingo.

Umekata nje ya mstari. Ingia ndani pikseli moja au mbili: chagua umbo, punguza uteuzi kwa Shrink au Contract, kisha tengeneza maski. Kama kitu kina mstari wa wino pande zote, kata katikati ya unene wa mstari. Na kama ni wino mtupu usio na rangi ndani, haukuwa na haja ya kukata. Rudi swali la 10.

13. Vipande vimekaa sawa lakini picha inaonekana ya kubandika.

Angalia rangi ya karatasi kwanza. Karatasi mbili za aina tofauti, moja nyeupe ya maziwa na nyingine ya krimu, hazikubaliani hadi uzisawazishe kwa Levels au Curves, leya moja baada ya nyingine.

Kisha angalia unene wa mistari. Mchuuzi aliyechorwa kubwa akapunguzwa nusu ana mistari myembamba kuliko mashua iliyo nyuma yake, na jicho linakataa. Chora kila kitu kwa ukubwa kitakaotumika.

La mwisho ni jua. Kama mashua inamulikwa kutoka kushoto na mchuuzi kutoka kulia, hakuna kitufe cha kuwapatanisha. Unaweza kugeuza mashua kama kwenye kioo, ilimradi haina jina ubavuni. Yangu ilikuwa nalo, na nikagundua baada ya kuchapa.

## Kompyuta na mafaili

14. Laptopu inakwama nikifika leya ya kumi.

Piga hesabu. A4 ya DPI 600 ina pikseli karibu milioni 35, na kila moja ikiwa na rangi tatu na uwazi inakula baiti 4: kama megabaiti 139 kwa leya moja. Kumi ni zaidi ya gigabaiti 1, kabla programu haijaanza kutunza historia ya makosa yako. Kata leya za vitu vidogo zibaki na ukubwa wa kitu chenyewe. Ndoo haihitaji karatasi nzima ya uwazi. Kama kazi itachapwa A4, shusha yote hadi 300 na mzigo unakuwa robo.

15. Nihifadhi kwa aina gani ya faili?

Kazi inayoendelea: XCF kwa GIMP, KRA kwa Krita, PSD kwa Photoshop. JPEG haibebi leya hata moja. Ukihifadhi JPEG ukafunga bila kuhifadhi faili la kazi, umeuza ng'ombe ukabaki na picha yake.

Umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazima palepale. Bonyeza Ctrl+S kila unapoinua kikombe cha chai.

Kutuma WhatsApp: tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na mchapaji anapokea kivuli cha kazi yako.

## Kwa mchapaji

16. Bahari yangu ilikuwa ya kuwaka kwenye skrini, imetoka imefifia.

Skrini inatoa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa inaweka wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi kwenye karatasi. Buluu-kijani ile ya maji ya mchana, kijani cha ndimu na chungwa kali haviwezi kufikiwa na wino hizo nne. Washa onyesho la rangi za uchapaji kwenye programu mapema, au lipia nakala moja ya majaribio kabla ya kuagiza 500. Pia acha ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatia. Vile vidole viwili vya anga vya swali la 3 vinapata kazi hapa.

17. Mistari myeusi imetoka na kivuli cha rangi pembeni.

Weusi wako ulijengwa kwa wino zote nne, na sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikapishana kwa sehemu ndogo ya milimita. Kwa kuwa wino uko kwenye leya yake, mwambie mchapaji mistari iwe ya wino mweusi peke yake. Aliyechora yote kwenye karatasi moja hawezi kuomba hivyo.

## Mambo ya pembeni

18. Naweza kuskani kanga niitumie kama usuli?

Kiufundi ni rahisi: ipige pasi, ilaze kioo kikiwa safi, skani kwa 300, weka chini ya leya nyingine. Pindo hufaa sana kuzungushia kurasa za kitabu. Lakini mchoro wa kanga una aliyeubuni, sawa na mchoro wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuuliza kabla hujachapa cha kuuza. Mimi huchora pindo langu mwenyewe kwa wino, skani moja, kisha nairudia.

19. Nikiskani picha ya gazetini natokewa na mawimbi.

Picha iliyochapwa ni nukta, na nukta zinagombana na pikseli. Washa Descreen kwenye programu ya skana, au skani 600, weka ukungu kidogo, shusha hadi 300. Haki ya kuitumia ni kama swali la 18.

20. Mteja anataka faili lenye leya zote. Nimpe?

Swali kwanza: mlikubaliana nini? Mteja wa kalenda anahitaji PDF au TIFF iliyounganishwa, basi. Akipata leya, mwaka ujao mchuuzi wako atatokea kwenye tangazo la sabuni na pweza ameondolewa. Mimi huandika kwenye ankara, mstari wa pili, kwamba bei ni ya picha iliyounganishwa. Anayetaka leya tunazungumza bei nyingine, na hapo huwa naziunganisha wino na leya yake ya kuzibia kabla ya kumkabidhi, maana simu ya "kifua cha mchuuzi kina mlingoti" nimeshaipokea mara mbili.